Tufe Lisilo na Kazi

Tarehe 31 Oktoba 1964, huko Greenbelt, Maryland, wahandisi wa NASA chini ya Henry Plotkin waliilenga setilaiti Explorer 22 kwa leza ya yakuti na kuupokea mwanga uliorudi. Muda wa mwanga kwenda na kurudi uliwapa umbali, wenye kosa la kama mita 3. Leza ilikuwa imevumbuliwa miaka minne tu kabla, ndiyo maana habari hii husimuliwa kama ushindi wake. Naona sifa hiyo imeelekezwa pasipostahili. Kilichoikuza fani hii ya kupima umbali wa setilaiti kwa leza ni uamuzi wa kuiondolea setilaiti kazi yote: ibebe vioo vya pembe, vinavyourudisha mwanga kule kule ulikotoka, basi. Ushahidi mkubwa ni LAGEOS, iliyorushwa mwaka 1976: tufe la sentimita 60, lenye kilo 400 na ushei na vioo 426, lisilo na betri, antena wala injini. Uzito wake katika umbo dogo hulifanya lisisukumwe ovyo. Tangu hapo leza, saa na vipokezi vya ardhini vimebadilishwa mara nyingi, na kosa limeshuka hadi milimita, ilhali tufe ni lile lile. Lingebeba mitambo, lingezeeka pamoja nayo.

Mtu atauliza: GPS si imemaliza mambo? Kipokezi chake ni cha bei ndogo na hakizuiwi na mawingu, ambayo huipofusha leza kabisa. Ni kweli. Lakini setilaiti za GPS zina mabawa mapana ya sola, na msukumo wa mwanga wa jua juu yake ni mgumu kukokotoa. Kwa hiyo kitovu cha uzito wa dunia, ambacho bila hicho kupanda kwa bahari hakupimiki sawasawa, bado hutafutwa kwa leza. GPS yenyewe ilifungiwa vioo kwenye setilaiti mbili, mwaka 1993 na 1994, ili mizingo yake ikaguliwe.

Hoja nzito zaidi ni kwamba mzigo ulioondolewa angani umetuliwa ardhini, kwa wenye fedha. Hapo sina la kupinga. Vituo vingi viko kaskazini mwa ikweta. Hartebeesthoek, Afrika Kusini, ilipata mtambo wake kutoka Marekani mwaka 2000. Pengo hilo huwaumiza hata wenye vituo, kwa kuwa kitovu cha dunia hakikadiriki vyema kikipimwa kutoka upande mmoja.