Kombe Lililohamia Maskati

Sisi watu wa pwani tukiitaja Maskati huwataja jamaa zetu, halwa na majahazi. Kriketi hatuitaji. Lakini tarehe 17 Oktoba 2021, maradhi ya Korona yakiwa bado yamo duniani, Kombe la Dunia la kriketi lilifunguliwa huko, katika kiwanja cha Al Amerat, nyuma ya majabali ya mji. Wenyeji Omani waliwashinda Papua New Guinea bila ya kutolewa mpigaji hata mmoja.

Furaha hiyo ilitokana na msiba wa wengine. Kombe lilikuwa lichezwe India. Mwezi wa Aprili 2021 watu wa huko walikuwa wakihangaika kutafuta mitungi ya oksijeni kwa wagonjwa wao, na maiti zikingoja zamu ya kuchomwa. Wakati huo huo ligi yao kubwa ya kriketi ilichezwa usiku baada ya usiku. Wachezaji walitengwa mahotelini, wakipimwa mara kwa mara. Ravichandran Ashwin alijitoa tarehe 25 Aprili, kwa kuwa jamaa zake walikuwa wakipambana na maradhi hayo. Wengi walibaki, nami sithubutu kuwalaumu wote, maana wengine riziki yao ni hiyo. Tarehe 3 Mei wakatangazwa wagonjwa miongoni mwa wachezaji, na siku ya pili yake ligi ikasimamishwa. Mwisho wa Juni Kombe likahamishiwa Imarati na Omani.

Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kuelekea Sham, na majemadari wake wamekuja kumlaki Sargh, alipopata habari ya tauni. Masahaba wakakhitilafiana, yeye akaazimu kurejea Madina. Abu Ubayda akamuuliza, je, anaikimbia kadari ya Mungu? Akajibu kuwa anaitoka kadari kuiendea kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba nchi yenye tauni haiingiwi, na aliyemo hatoki kuikimbia.

Khalifa aliiacha safari ya dola kabla hajaugua mtu wake hata mmoja. Ligi ile haikusimama kwa ajili ya maiti za mjini. Ilisimama walipougua wachezaji.

Omani nao hawakufika mbali, wakafungwa na Bangladesh na Scotland. Aliyepata mikimbio mingi kwao siku ile ya ufunguzi, 73, ni Jatinder Singh, mzaliwa wa Ludhiana, India.