Makumbi, Chumvi na Nyanya za Juu ya Paa

Tofali la kwanza la kokopiti nililinunua kwa pesa ya karo. Mathe anajua sasa, kwa hivyo naweza kuandika. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili bila kumwambia mtu, na yeye bado alikuwa anatuma alichopata kila muhula. Hiyo ya mwisho nikaigeuza kuwa ndoo 30, miche ya nyanya, na pakiti mbili za mbolea ya maji, moja imeandikwa A, nyingine B. Paa la ploti yetu Umoja halikosi jua. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nyanya ziive, niuze, nirudishe pesa, halafu ndiyo nimwambie.

Ili kuokoa muda, nilichanganya A na B kwenye jerikeni moja kabla ya kuongeza maji. Chini kukatuama unga mweupe kama chokaa. Nikatikisa, nikamwagilia hivyo hivyo. Nyanya zilizaa, tena kubwa, lakini karibu zote kitako kilikuwa cheusi, kimeoza. Sikuuza hata debe moja.

Hapo ndipo nilianza kusoma. Safari hii si kwa ajili ya mtihani, ni kwa ajili ya deni.

Swali la mmea unakula nini ni la zamani. Jan Baptist van Helmont, wa nchi ambayo leo tunaiita Ubelgiji, alipanda mche wa mti uitwao willow kwenye ratili 200 za udongo mkavu, akaunywesha maji kwa miaka 5. Mti ukaongezeka ratili 164. Udongo ulipungua wakia 2 tu. Akasema basi, mti umeumbwa kwa maji. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshakufa. Zile wakia 2 hakuzijali.

Mwaka 1699, Mwingereza John Woodward aliotesha nanaa kwenye maji matupu: mengine ya mvua, mengine ya mto Thames, mengine yaliyokorogwa na udongo wa bustani. Maji yalivyozidi uchafu, ndivyo nanaa ilivyonawiri. Kumbe kuna kitu ndani ya maji. Kitu chenyewe kilipata majina karne ya 19, pale Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walipokuza mimea kwenye maji yenye chumvi walizozipima wenyewe: naitrojeni, potasiamu, fosforasi, kalsiamu, magnesiamu, salfa, na chuma kidogo. Pakiti zangu za A na B ni wajukuu wa maji ya Knop.

Lakini aliyenikamata ni William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kuanzia mwaka 1929 alisema kilimo hiki kinaweza kutoka maabara kikalisha watu. Akakuza nyanya zilizopanda futi 25, na mwaka 1937 jina hidroponiki likaingia kwenye maandishi yake. Chuo kilitaka awape fomyula. Akasema aliitengenezea nyumbani, kwa muda wake, na kwamba anahitaji nafasi zaidi aikamilishe. Mwisho wake akaondoka chuoni mwaka huo huo. Chuo kikawapa kazi Dennis Hoagland na Daniel Arnon wayapime madai yake. Mwaka 1938 wakaandika kwamba maji hayaushindi udongo mzuri kwa mavuno. Wakatoa fomyula yao bure, na mpaka leo ukiingia maabara ya mimea utaisikia ikiitwa maji ya Hoagland.

Nilitamani sana kumfanya Gericke shujaa wangu, mtu aliyeacha chuo akabaki na ukweli. Haikai hivyo. Hoagland na Arnon walikuwa sahihi kuhusu mavuno. Gericke naye alikuwa sahihi kwamba jambo hili lina maana mahali ambapo udongo haupo. Miaka hiyo hiyo, kwenye kisiwa cha Wake katikati ya Pasifiki, kampuni ya ndege ya Pan American ilikuza mboga kwa njia hii. Paa la Umoja nalo halina udongo.

Historia ya A na B ilinieleza ule unga mweupe. Kalsiamu ikikutana na salfeti na fosfeti zikiwa bado nzito, zinashikana na kuwa jasi na mawe. Mizizi haili mawe. Ndiyo maana pakiti ni mbili: kila moja unaizimua kwenye maji mengi kabla hazijakutana.

Lakini hiyo ilikuwa nusu. Nusu nyingine nilipewa na jirani wa gorofa ya chini, mama mmoja wa Kilifi, aliyepanda kuanika nguo akaona ndoo zangu.

"Mwanangu, haya si makumbi?"

"Ni makumbi, mama."

"Uliyaosha? Makumbi yana chumvi hayo."

Akaniambia kwao makumbi hufukiwa ufuoni miezi kadhaa, maji ya bahari yayalainishe, ndipo wanawake wayatwange watoe usumba wa kusokota kamba. Kwa kamba hizo watu wa Pwani walishona mitepe, majahazi yasiyo na msumari. Mgiriki mmoja aliyeandika karibu miaka 2,000 iliyopita alisema mji wa Rhapta, kwenye pwani yetu hii, ulipewa jina kwa mashua zake za kushonwa. Unga uliobaki baada ya usumba kutolewa ndio kokopiti. Leo mashamba ya waridi Naivasha yanautumia, na tofali langu lilikuwa na muhuri wa Sri Lanka.

Yule mama alikuwa sahihi. Makumbi hushikilia sodiamu na potasiamu. Ukimwaga kalsiamu, yanaichukua yenyewe na kuachia hizo nyingine, na nyanya inabaki na njaa ya kalsiamu. Kitako cheusi ni njaa hiyo. Dawa ni kuyaloweka usiku kucha kwenye maji ya kalsiamu naitreti, kuyasuuza, halafu kulisha kidogo kidogo kila siku, pH ikiwa karibu na 6, mpaka maji kiasi yatoke chini yaende na chumvi.

Nilimwambia mathe kabla ya kupanda tena. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akakaa kimya siku tatu.

Msimu wa pili nilimpelekea kilo mbili. Aligeuza kila nyanya, akaangalia kitako, kisha akaomba kisu.

Deni bado halijaisha. Ameliandika kwenye kitabu chake cha chama, jina langu likiwa na tarehe.