Jina na Kazi: Maisha ya Sam Spiegel, Mtayarishaji wa Filamu

Mwenye kutafiti historia ya sinema huanza kwa kusoma majina yaandikwayo mwanzoni mwa filamu. Maisha ya Sam Spiegel yatufundisha kwamba majina hayo ni ushahidi upasao kuchunguzwa kabla ya kusadikiwa.

Spiegel alizaliwa mwaka 1901 katika mji wa Jarosław, uliokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, na ambao leo umo katika nchi ya Poland. Alifanya kazi ya sinema Berlin hata Wanazi waliposhika utawala mwaka 1933. Naye, kwa kuwa ni Myahudi, akakimbia. Alipokuwa Hollywood alijiita S. P. Eagle. Badiliko hili lastahili kuangaliwa na wataalamu wa lugha: Spiegel kwa Kijerumani ni kioo, Eagle kwa Kiingereza ni tai, matamshi yamekaribiana, maana imegeuka kabisa. Kwa jina hilo alitayarisha The Stranger (1946) na The African Queen (1951).

Filamu hii ya pili yatuhusu sisi. Kisa chake kimewekwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, juu ya mto Ulanga uendao ziwani. Lakini picha zake za Afrika zilipigwa Kongo na Uganda, na Ulanga wa kweli, ndio Kilombero, hupeleka maji yake katika Rufiji. Hata mto, basi, ulivikwa jina lisilo lake.

Mwaka 1954, katika On the Waterfront, Spiegel alirudia jina lake la asili. Filamu hiyo, pamoja na The Bridge on the River Kwai (1957) na Lawrence of Arabia (1962), zote zilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora. Hapana shaka kwamba alikuwa hodari wa kuchagua visa, kutafuta fedha na kukusanya mafundi.

Lakini wengine walikosa majina. Mchezo wa Kwai uliandikwa na Carl Foreman na Michael Wilson, waliopigwa marufuku Hollywood kwa kushukiwa ukomunisti. Spiegel aliwapa kazi, asiwataje. Sifa na tuzo vilikwenda kwa Pierre Boulle, Mfaransa aliyetunga riwaya yenyewe. Oscar yao ilipokabidhiwa katika miaka ya 1980, wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Sehemu ya Wilson katika Lawrence ilikubaliwa rasmi mwaka 1995, Spiegel mwenyewe akiwa amefariki mwaka 1985.

Yatupasa kuhukumu kwa uadilifu: aliwapa riziki wakati wengi walipowafungia milango, lakini jina lao lilibaki nje. Sisi tuharirio miswada ya kale twaijua hatari hii. Jina la mnakili laweza kusomeka wazi katika ukurasa wa mwisho, na mtunzi asitajwe popote.