Kikao Kisichofungwa: Historia ya Daftari la Wagonjwa Homa Bay na Migori

Tangu serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, watu wa Homa Bay na Migori wameulizana sana juu ya dawa, na ni haki yao kuuliza, kwa kuwa uchunguzi wa taifa wa 2018 uliona kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila watano wa Homa Bay anaishi na virusi vya UKIMWI, na Migori asilimia 13. Lakini ni wachache waliouliza juu ya daftari lenyewe, yaani hifadhidata ya KenyaEMR iliyomo katika seva za hospitali na zahanati zetu, na juu ya nani atakayeilinda iwapo waliokuwa wakilipwa kwa misaada ile watakwenda zao.

Daftari hilo lina nasaba. Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kutoa dawa za ARV katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, habari za wagonjwa ziliandikwa kwenye fomu, kisha makarani wakazinakili katika programu iitwayo FUCHIA. Mwaka huohuo kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka kumbukumbu zake kwenye kompyuta. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari wa Indianapolis waliokuja Eldoret, wakaasisi OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Na mwaka 2012 ikazaliwa humo KenyaEMR, chini ya Wizara ya Afya.

Lililo bora katika nasaba hiyo, nalo aghalabu halisimuliwi, ni namna OpenMRS ilivyolijibu swali moja zito: hifadhidata itamjuaje anayeisoma saa hii? Jawabu lilikuwa kikao, ambacho waandishi wa programu hukiita sesheni. Anayeandika kazi ya kugusa kumbukumbu, kama vile hesabu inayofanyika usiku bila mtu kuketi mbele ya skrini, hupaswa kwanza kuagiza kikao kifunguliwe, kisha mtumiaji athibitishwe kwa jina na neno lake la siri, kisha kazi ifanyike, na mwisho, katika fungu la maagizo ambalo lugha ya Java hulitekeleza kazi ikifaulu au ikiharibika, kikao kifungwe. Na akihitaji kuiazima ruhusa asiyokuwa nayo mtumiaji yule, basi ruhusa hiyo nayo huondolewa katika fungu lilelile la mwisho, isije ikabaki mikononi mwa asiyestahili.

Hadhari hiyo ina sababu. Seva haimuumbii kila mgeni mtumishi mpya, bali ina watumishi wachache, wanaoitwa nyuzi, ambao humaliza shauri la huyu wakashika la yule, na utambulisho wa mtumiaji hubandikwa kwenye uzi unaomhudumia. Uzi ukirejea kundini na utambulisho wa daktari haujabanduliwa, karani atakayefuata aweza kufunuliwa yasiyomhusu. Tena kila kikao kilichoachwa wazi hushika muunganisho mmoja wa hifadhidata, na OpenMRS kwa kawaida yake huweka miunganisho 50 tu. Ikiisha, skrini hukwama na foleni ya wagonjwa husimama. Kadhalika MySQL, programu inayoitunza hifadhidata yenyewe, isipoelekezwa vingine, hukata muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28,800, yaani saa nane, hata kliniki iliyofungwa saa kumi na moja jioni ikakuta miunganisho mifu asubuhi, ila kama programu imefunzwa kuijaribu kabla ya kuitumia.

Siri ya mgonjwa, ambayo kikao kinailinda, ilipata mtihani wake mkubwa tarehe 23 Februari 2015, pale Rais Uhuru Kenyatta alipowaagiza makamishna wa kaunti wakusanye habari za watoto wa shule wenye virusi, pamoja na walezi wao, na za mama wajawazito na wanaonyonyesha. Nia ilisemwa kuwa ni kuwafikia kwa huduma, na sina sababu ya kuikana. Lakini agizo hilo halikuhitaji kuvunja neno la siri la mtu yeyote, maana lilitaka majina yatoke nje ya kikao, yawekwe katika orodha ambayo hapana ajuaye nani ameisoma na nani ameinakili, ilhali sheria ya UKIMWI ya 2006 ilikwisha kuikinga siri ya mgonjwa. Shirika la kutetea haki la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na tarehe 7 Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba agizo lile lilikiuka haki ya faragha na maslahi ya mtoto, akaamuru majina yaliyokusanywa yageuzwe kuwa alama zisizomtambulisha mwenyewe, ndani ya siku 45. Kwa kaunti zetu, ambako mtoto aliyetajwa hutambuliwa na kijiji kizima kabla jua halijachwa, hukumu ile ilistahili kusomwa katika kila chumba chenye kompyuta ya wagonjwa.

Haikusomwa. Hata leo si ajabu kukuta mapokezi ambapo jina moja huingizwa asubuhi na watu watatu hulitumia hadi jioni, kila mmoja akiandika kwa sahihi ya mwenzake, na seva, kwa uaminifu wake wote, ikihifadhi uongo. Hiyo ni taksiri yetu wenyewe, wala haikuletwa na mfadhili.

Afya ni kazi ya kaunti tangu 2013. Zimefuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, zote njema kwenye karatasi. Kinachodaiwa sasa ni fungu la mishahara ya wanaozitunza seva hizi, lililoandikwa wazi katika bajeti za Homa Bay na Migori kama lilivyoandikwa la wauguzi, na mgonjwa wa Mbita, Ndhiwa, Rongo au Kehancha ana haki ya kumwuliza mwakilishi wa wadi yake kama fungu hilo limo.