Usugu wa Insulini: Neno Lililotoka Kiganjani

Shika mkono wa mama aliyetoka kulima muhogo Mutarule, kwenye uwanda wa Ruzizi kaskazini mwa Uvira. Pale mpini wa jembe unapokaa, utapapasa ngozi ngumu. Hiyo ndiyo sugu. Imejengeka msimu kwa msimu, na sasa anaokota kaa la moto kwa vidole bila kushtuka.

Insulini ni homoni ya kongosho. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa, kwa kuwa inatoka kwenye vishada vya seli alivyovieleza Paul Langerhans mwaka 1869, vilivyotawanyika kongoshoni kama visiwa ziwani. Kazi yake ni kuziamuru seli zipokee sukari kutoka kwenye damu. Mwaka 1936 daktari Mwingereza Harold Himsworth alionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari si wa namna moja: wapo ambao miili yao huitikia insulini upesi, na wapo ambao huitikia kwa shida.

Hali hii ya pili wengine huiita ukinzani wa insulini. Silikubali neno hilo. Anayekinza ana nia. Seli haina ugomvi na mtu. Mafuta yamejaa kwenye ini na misuli, insulini imebisha hodi kutwa kucha, na seli imekufa ganzi. Kongosho nalo huzidisha insulini, mpaka siku linapochoka. Usugu, neno lililotoka kwenye sugu ya kiganjani, unayasema yote hayo, tena unabeba tumaini: jembe likiwekwa chini, kiganja hulainika. Tusiuchanganye tu na usugu wa vijidudu kwa dawa, maana huko ni kijidudu kilichobadilika, si mwili wa mgonjwa.

Kuweka jembe chini ni kupunguza wanga na kulipa kongosho nafasi ya kupumua. Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Mtu anaacha sukari kwenye chai, kisha jioni anamega kilima cha bugali ya muhogo, kwa sababu ulimi hauonji utamu. Tumboni bugali hiyo huvunjwa ikawa glukosi, sukari ileile ya kwenye damu. Kata kilima nusu, ongeza ndagala, sombe na lengalenga. Chakula bado ni cha nyumbani. Kufunga, yaani kukaa saa kadhaa bila kula, hushusha insulini, na mwili huanza kuchoma akiba yake ya mafuta.

Lakini anayejidunga insulini au kumeza vidonge vya kisukari vya glibenklamidi asifunge kabla ya kuzungumza na daktari au muuguzi, kwa kuwa sukari inaweza kuporomoka: jasho, kutetemeka, kuzirai, hata kufa.

Na kuna jambo ambalo jina letu moja, ugonjwa wa sukari, linalificha. Kwenye maeneo yaliyopigwa na vita na njaa wapo wagonjwa wembamba ambao hawana usugu. Wana upungufu wa insulini. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliutambua ugonjwa huu unaotokana na utapiamlo kuwa kisukari cha aina ya 5. Ndugu msomaji, ukimwona mtu anakonda, ana kiu isiyokatika na anakojoa usiku kucha, usimshauri afunge. Mpeleke kituo cha afya apimwe leo.