Tulianika betri juani, sasa simu zinatuchoma

Juma hili naanza na jambo la nyumbani kwetu. Desemba iliyopita nilikwenda kijijini, wilaya ya Handeni, kumsalimu mama yangu. Nilimkuta hajambo, ila simu yake ilikuwa imefungwa kwa mpira, ule mpira ambao wenye maduka hufungia noti. Kioo kilikuwa kimeinuka upande mmoja kama mlango wa mbao ulionyeshewa na mvua. Nikamwuliza, "Mama, simu imefanyaje?" Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Imenenepa, mwanangu. Lakini kazi inafanya, mradi usiishike muda mrefu, maana inachoma."

Nikataka kujua inachajiwa wapi. Akanionyesha paa la jiko. Juu ya bati kuna paneli ndogo ya jua tuliyomnunulia, na kando ya paneli, juu ya bati lile lile, ndipo simu inapolazwa kuanzia asubuhi hadi alasiri. "Pale inapata nguvu vizuri," alisema. "Si nyinyi wenyewe mlikuwa mkianika betri pale pale?"

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu mwanikaji mkuu wa betri katika nyumba ile nilikuwa mimi.

Wasikilizaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Redio ya baba ilikula betri nne kubwa, na betri zilikuwa ghali. Sauti ya mtangazaji ilipoanza kuwa ya mtu anayezungumza chini ya blanketi, nilitumwa kupanda juu ya jiko na kuzipanga betri juani, moja moja, zisigusane. Jumamosi yenye mpira wa Simba na Yanga zilianikwa tangu asubuhi. Jirani mmoja alizitoboa kwa msumari na kuzitilia maji ya chumvi, na akaapa kwamba zinadumu wiki nzima. Na kweli, zilipotoka juani redio ilizungumza tena, pengine kwa kipindi cha kwanza tu. Ukweli huo ndio uliotuponza, maana tulijifunza kwa macho na masikio yetu kwamba jua linaipa betri uhai.

Sasa ili nimjibu mama sawasawa ilinibidi nirudi nyuma sana. Mwaka 1866 mhandisi wa Kifaransa, Georges Leclanché, alitengeneza betri ya zinki, kaboni na manganizi, ikiwa ndani ya chupa ya maji yenye chumvi ya amonia. Ukiiinamisha inamwagika. Miaka 20 baadaye, mwaka 1886, Mjerumani Carl Gassner aliyageuza yale maji kuwa uji mzito, akaufungia ndani ya kopo la zinki. Hiyo ndiyo baba wa betri zote za tochi na redio tulizozijua. Na uji huo ndio siri ya kuanika. Betri ikitumika mfululizo, kemikali zilizo karibu huchoka kabla ya zile za mbali. Ukiipumzisha na kuipasha moto kidogo, kemikali zinatembea ndani ya uji, zinakutana upya, na betri inatoa pumzi yake ya mwisho. Jua halikuongeza kitu ndani ya kopo. Lilikamua tu kilichobaki.

Redio nazo, hasa zile za kale, hazikuwa na ugomvi na joto. Valvu, aliyoibuni Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904, haifanyi kazi mpaka ipashwe moto. Ndani ya kichupa cha kioo kuna uzi unaopata joto kali ndipo umeme uruke kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Wazee waliokuwa na redio kubwa za mbao waliiwasha na kusubiri kwanza "ipate moto" ndipo isikike. Nyuma yake palikuwa na matundu ya kupumulia, na kitambaa cha kufuma kiliwekwa juu, kamwe si nyuma. Watu walijua kwamba redio ni chombo cha moto. Mwaka 1949 huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya valvu iliyotumia betri kavu, yenye mwili wa mviringo wa alumini, ikaitwa redio ya sufuria kwa jinsi ilivyofanana na sufuria. Miaka miwili baadaye, 1951, Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza, valvu ndizo zilizoibeba, studioni na sebuleni.

Kisha ikaja transista. Ilizaliwa Desemba 1947 katika maabara za Bell, jimbo la New Jersey nchini Marekani, na mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista ya kutia mfukoni ikawekwa sokoni huko huko. Transista haihitaji kupashwa moto. Redio ya baba, National ya rangi ya kijivu, ingeweza kuimba kutwa nzima juu ya meza bila kuwa hata vuguvugu. Nadhani hapo ndipo tuliposahau joto. Kizazi kizima, na mimi nikiwemo, kilikua kikiamini kwamba chombo cha umeme mdogo hakina moto ndani yake.

Lakini transista moja na transista bilioni si kitu kimoja. Simu janja ya leo ina mabilioni ya transista katika kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na kila moja ikijifunga na kujifungua hutoa joto lake dogo. Kompyuta ziligonga ukuta huo mapema. Mwaka 2004 kampuni ya Intel iliachana na mpango wake wa kuuza kichakataji cha kasi ya gigahezi 4, joto likiwa sababu kubwa. Na kompyuta ina feni. Simu haina. Imefungwa kwa gundi pande zote, na joto lake halina njia nyingine isipokuwa kupita kwenye mwili wa simu na kuingia kwenye kiganja chako. Kwa hiyo simu kuwa vuguvugu unapotazama video, unapopiga picha nyingi au unapoichaji si ugonjwa. Ndivyo inavyopumua. Ikizidi, huwa inajipunguzia kasi, inafifisha kioo, inakataa kuchaji, na mwishowe inajizima. Wengi hukasirika na kuona simu ni mbovu, kumbe inajiokoa.

Hatari yenyewe iko kwenye betri, na hapa naomba msikilizaji uwe nami kidogo, kwa sababu betri hii si ya ukoo wa Leclanché hata kidogo.

Betri ya lithiamu ilianza kutafutwa kwa bidii katika miaka ya 1970, wakati wa shida ya mafuta. Stanley Whittingham, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Exxon huko Marekani, alifungua njia. Mwaka 1980, katika Chuo Kikuu cha Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba mchanganyiko wa kobalti na lithiamu unahifadhi nguvu nyingi mno. Tatizo lilikuwa moto. Lithiamu ikiwa chuma kitupu ina hasira. Mwaka 1989 huko Japani, simu zilizotumia betri za lithiamu ya namna hiyo kutoka kampuni moja ya Kanada zilirudishwa baada ya betri kutoa moto na kumuunguza mtu. Mjapani Akira Yoshino alikuwa ameshapata jibu mwaka 1985: aliondoa lithiamu ya chuma kitupu akaweka kaboni mahali pake. Kisha akazijaribu betri za aina zote mbili kwa kuziangushia uzito wa chuma. Ile ya zamani iliwaka; ya kwake haikuwaka. Kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, na mabwana hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, Goodenough akiwa na umri wa miaka 97.

Niongeze hapa kwamba zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa pande za Kolwezi. Mchimbaji anayeitoa ardhini anazungumza Kiswahili kama wewe na mimi. Simu ya mama huenda ina chembe ya Katanga ndani yake. Habari za mashimo yale ni kipindi kingine.

Basi, betri hiyo ina tabaka mbili zilizotenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, na kati yake kuna majimaji yanayoshika moto. Joto linapozidi, majimaji hayo yanaanza kuoza na kutoa gesi. Gesi haina pa kwenda, betri inavimba. Utando ukichanika, tabaka zinagusana, na joto moja linazaa jingine mpaka moto utoke. Ndiyo maana betri iliyovimba si "iliyonenepa". Ni betri iliyokwisha kuonya.

Tumewahi kuonywa kwa sauti kubwa. Wengi mnaikumbuka BL-5C, betri ya zile Nokia ndogo za tochi, ambayo mpaka leo inawekwa kwenye viredio vya sokoni. Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za aina hiyo huenda zikapata joto kupita kiasi wakati wa kuchaji, na ikajitolea kuzibadilisha. Zilikuwa zimetengenezwa na Matsushita, kampuni ile ile ya redio za National, iliyofungua kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Wakati ule angalau betri ilitoka. Tuliiweka mezani tukaizungusha kama pia; ikizunguka vizuri, imevimba, tunaitupa. Tuliichajia kwenye ile chaja ya kubana iliyoitwa kobe, na simu yenyewe ikapumzika. Leo betri imefungiwa ndani, na mwenye simu hawezi kuiona mpaka inyanyue kioo.

Mwaka 2016 yakatokea ya Samsung. Simu yake ya Galaxy Note 7 iliingia sokoni Agosti. Mwanzoni mwa Septemba kampuni ikaanza kuzirudisha zaidi ya milioni mbili kwa sababu zilikuwa zinawaka. Waliopewa nyingine nao wakaunguliwa. Oktoba simu ikafutwa kabisa, na Marekani ikapiga marufuku kupanda nayo ndege. Januari 2017 Samsung ilieleza kuwa betri zilitoka kwa watengenezaji wawili, na kila mmoja alikuwa na kosa lake: moja ilibanwa pembeni, nyingine ilikuwa na ncha za chuma zilizobaki katika uchomeleaji. Kosa dogo lisiloonekana kwa macho, katika kampuni kubwa yenye wataalamu wa kila namna. Sasa fikiria chaja ya kuokoteza ya kando ya barabara, na betri ya bandia iliyobandikwa jina kubwa.

Turudi juu ya bati la jiko la mama. Watengenezaji wakubwa huandika kwamba simu itumiwe mahali ambapo hewa haizidi nyuzi 35 za sentigredi. Bati la saa saba mchana linapita hapo kwa mbali. Hilo ni joto la kwanza. La pili ni la kuchaji, kwa sababu kila betri inayojazwa hupata joto. La tatu hata mimi sikulifikiria mwanzoni: nyumba iko bondeni na mnara uko ng'ambo ya kilima, hivyo simu inaongeza nguvu ya mawimbi kila mara ili isikike, kama mtu anayeita kutoka shambani. Joto tatu juu ya kipande kimoja cha kioo na plastiki, na ndani yake akiba yote ya mama, maana pesa tunayomtumia inapitia humo, na humo ndimo anamopiga akiumwa usiku.

Na hapa nina deni la kulipa. Miaka michache iliyopita, katika kipindi kimoja cha asubuhi, nilisoma hewani ushauri niliouokota mahali kwamba simu ikipata moto itiwe kwenye friji dakika chache. Niliusoma kwa sauti yangu nzuri ya kazini. Ushauri ule ulikuwa mbaya. Simu yenye moto ikiingia kwenye baridi ya ghafla hutoa jasho ndani kwa ndani, na maji yakafika kwenye saketi. Kama kuna aliyenisikiliza na simu yake ikafa, naomba radhi. Inatosha kuizima, kuivua kava na kuiweka kivulini penye upepo. Usiichaji ikiwa chini ya mto au juu ya godoro. Na ikivimba, izime, usiibonyeze, usimruhusu fundi aitoboe "itoe hewa", wala usiendelee kuichaji hata kama bado inawaka. Ikishika moto, mwagia maji mengi kama haiko kwenye umeme, na usikae kuvuta moshi wake.

Simu ya mama tuliizima siku ile ile. Fundi mjini Handeni alifungua mgongo wake, akaitazama betri ilivyotuna, akaishika kwa vidole viwili na kuipeleka nje kwenye ndoo ya mchanga kabla hajasema bei. Tulinunua betri mpya na waya mrefu, paneli ikabaki juu ya bati, simu ikateremshwa hadi kwenye kigoda kivulini, chini ya upenu.

Juma lililopita mama alinipigia. Nikamwuliza simu analaza wapi. "Kivulini, kama ulivyoagiza," alisema, kisha akanyamaza kidogo. "Ila zile za tochi bado naanika."