Mifereji Miwili ya Mto Tana

Mto Tana wa Kenya leo unaingia baharini hapo Kipini, kwenye mlango wa mto Ozi. Zamani haukupita huko. Katika karne ya 19 watawala wa Witu waliagiza uchimbwe mfereji wa Belezoni, ili vyombo vya biashara vitoke Tana viingie Ozi bila kupambana na mlango wa Tana wa wakati ule. Mafuriko yakaupanua mwaka baada ya mwaka, hata mto wenyewe ukahamia huko.

Usultani wa Witu na mashamba yake ulitegemea nguvu za watumwa. Huko, swali la kwa nini mtu afanye kazi halikuhitaji mtaalamu wa saikolojia. Lilijibiwa kwa amri.

Waingereza nao waliiweka Kipini kuwa makao ya mkuu wa wilaya ya Tana River. Baadaye shughuli za serikali zilihamia Hola, juu ya mto, na huko, wakati wa vita vya Mau Mau vya kupinga ukoloni, wafungwa wasiofikishwa mahakamani walitakiwa kuchimba mifereji ya umwagiliaji. Safari hii amri ilivikwa joho la elimu. Mwaka 1954 serikali ilichapisha kijitabu cha daktari wa akili J. C. Carothers, aliyeieleza Mau Mau kama tatizo la nafsi ya Mwafrika. Kisha John Cowan wa idara ya magereza akatunga mpango: wafungwa wanaogoma kazi watolewe kwa vikundi vidogo na walazimishwe kufanya kazi, kwa imani kwamba wakishaanza, msimamo wao utavunjika.

Mpango huo ulipotekelezwa Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji.

Kinachouma zaidi ni kwamba jibu jingine la swali lile la kazi lilikwisha kuandikwa. Mwaka 1949 ulichapishwa uchunguzi juu ya wafanyakazi Waafrika wa reli, ukihaririwa na C. H. Northcott, mtu aliyesimamia masuala ya wafanyakazi katika kiwanda cha chokoleti cha Rowntree, Uingereza. Ulikuwa na upofu wa zama zake, lakini uliangalia lishe, mafunzo na usimamizi kabla ya kumlaumu mfanyakazi.

Sasa fani hii ya saikolojia ya mahali pa kazi ni ajira. Nchini Kenya, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka watoa huduma hao wasajiliwe. Kijana wa Kipini anayeitamani fani hiyo atasoma shahada, ataongeza ya uzamili, kisha atatafuta nafasi bandarini, hospitalini au katika idara ya rasilimali watu. Siku meneja atakapomwambia wafanyakazi wake ni wavivu, aanze kwa kuuliza wamekula nini, nani aliwafundisha kazi, na msimamizi huzungumza nao vipi.